Alamu ya mkanda inalia na mkanda umefungwa

Kabla hujamwambia fundi akate waya, tazama dashibodi. Gari hulia kwa mengi: handibreki haijashuka vizuri, taa zimeachwa zinawaka, ufunguo uko kwenye swichi na mlango uko wazi. Kama ni mkanda, kile kitaa chekundu cha mtu aliyejifunga mkanda kitakuwa kinawaka. Hakiwaki? Tafuta kwingine.

Ikilia kwa ajili ya kiti cha abiria na hakuna aliyekaa, gari halijaharibika. Magari mengi yana kihisi cha uzito ndani ya kiti hicho, na gunia la dagaa kutoka Kibirizi, Kigoma, au dumu la mawese linatosha kukiamsha. Hamishia mzigo buti, au ufunge mkanda juu yake. Kelele itakwisha, na ukipiga breki za ghafla dumu halitakurukia.

Upande wa dereva ndiko kwenye kazi. Ndani ya kifungio, pale ulimi wa mkanda unapoingia, mna swichi ndogo. Vumbi jekundu la njia zetu za vijijini, maganda ya karanga na hata sarafu huingia humo. Mkanda unashika, lakini swichi haibonyei. Ukiwa umesimama, utikise ulimi ukiwa ndani ya kifungio: alamu ikikatika na kurudi, ni swichi. Ikibadilika unaposogeza kiti mbele na nyuma, ni waya wa chini ya kiti au plagi yake.

Kwa swichi, anza na upepo wa kompresa wa mafundi matairi, kifungio kikiwa kimeinamishwa ili uchafu utoke badala ya kuzama. Kisha puliza kidogo dawa ya kusafishia kontakti isiyokula plastiki, ingiza na kutoa ulimi mara ishirini hivi, acha ikauke. Usitie oili wala grisi. Italainisha leo, wiki ijayo itakuwa imekusanya tope.

Chini ya kiti uwe na adabu. Plagi za njano ni za eabegi (mfuko wa hewa unaofura gari likigonga) na za kikaza mkanda, ambacho hulipuka kwa baruti. Zima gari, toa terminali hasi ya betri (mara nyingi ni spana namba 10), subiri walau sekunde 90 ndipo uguse kitu. Plagi za njano usizipime kwa mita kabisa. Ukikuta kutu ya kijani kwenye plagi ya swichi, mara nyingi chanzo ni maji ya kuoshea gari yaliyomwagwa sakafuni.

Kuna Toyota kadhaa zinazokubali kuzimwa alamu kwa kitufe cha odometa (kihesabu kilomita), na kuna vile viklipu vya kuchomeka bila mkanda. Viklipu sivipendi: kwenye baadhi ya magari kompyuta ya eabegi huamini umejifunga, ikaamua kwa taarifa ya uongo. Kukata waya nako ni bahati nasibu, kwani kuna magari yanayonyamaza waya ukikatika na mengine yanayolia bila kukoma.

Ukirudisha betri, washa swichi ya ufunguo utazame taa ya SRS, yaani ya mfumo wa eabegi. Inapaswa kuwaka sekunde chache tu kisha izime. Ikibaki inawaka, huenda kuna plagi haijakaza. Zima, toa betri tena, urudi chini ya kiti.