Daftari la kodi lililoanzisha ofisi yetu

Ofisi yetu ya udalali wa nyumba hapa Jinja, Uganda, ilianza bila ofisi. Baba alikuwa mkusanya kodi wa mfanyabiashara mmoja Mhindi mwenye majengo Main Street, duka chini, familia juu. Mji ulikuwa na kazi: bwawa la Owen Falls lilifunguliwa 1954, viwanda vikafuata, mtaa wa Walukuba ukajaa wafanyakazi.

Agosti 1972 Idi Amin alitangaza Waasia waondoke, akawapa siku 90. Tajiri yule alimwachia baba daftari la kodi. Nyumba zenyewe hakuweza kumwachia mtu. Ziligawiwa kwa wengine au zikaangukia mikononi mwa bodi ya serikali ambayo sote tuliiita Custodian. Baba aliendelea kuandika: nani kapewa jengo gani, nani kamwachia nduguye, nani kavunja ukuta akafungua mlango wa pili. Hakuna aliyemlipa kwa kazi hiyo. Hata amri ya 1975 ilipofanya ardhi yote kuwa ya umma, hakufuta jina la mmiliki wa kwanza.

Sheria ya kurudisha mali hizo ilipitishwa 1982, lakini sisi wenyewe tuliwaona wenye mali wakirudi hasa miaka ya 1990. Walikuja na hati zilizokunjika ndani ya bahasha, wengine wakiwa watoto waliokulia Uingereza, hawaujui hata mlango wa kwao. Baba aliwafungulia ukurasa. Kisha alikwenda kwa wapangaji, watu waliokuwa wamelea familia mle kwa karibu miaka 20, akaketi nao barazani mpaka pande zote zipatane siku ya kuhama. Mama mmoja aliombewa asitolewe kabla mwanawe hajamaliza mitihani ya darasa la saba. Kazi hiyo haimo katika sheria yoyote, nami ndiyo ninayomheshimu nayo zaidi.

Siku hizi wateja wetu wengi wanataka viwanja upande wa Mukono, kwenye ardhi ya mailo, yaani ya umiliki wa kudumu, iliyotokana na Mkataba wa Buganda wa 1900. Huko hatimiliki yaweza kuwa ya mtu mmoja na kibanja, yaani haki ya kukaa na kulima pale, kikawa cha mwingine, anayelima na kuzika wazee wake hapo hapo, na Sheria ya Ardhi ya 1998 inamlinda. Ndugu zetu walio ughaibuni hutuma pesa wakiwa wameona hati tu. Sisi hatupokei hata kamisheni kabla ya kufika shambani na kuzungumza na mwenyekiti wa LC1 (baraza la kijiji), majirani na mwenye kibanja. Kwenye daftari tunaandika majina yote mawili, kama alivyofanya baba.

Mdogo wangu sasa anapiga picha kurasa zote, mtaa baada ya mtaa, na amefika Iganga Road. Kurasa za mwisho wa miaka ya 1970 zimeliwa na mchwa. Mwenye risiti ya kodi ya wakati ule, hata iliyochanika, atuletee tuinakili.