Jina Linapoitwa Kwenye Benchi

Julai ya hapa Mbeya haina huruma asubuhi. Wateja wa CTC, kliniki yetu ya matibabu ya VVU, hufika mapema wakiwa wamejifunika makoti na mablanketi, wakabanana kwenye benchi la korido ili wapate joto, na ndipo muuguzi hufungua mlango akiwa na rundo la mafaili mkononi na kuita majina. Siku ninayoizungumzia muuguzi huyo nilikuwa mimi. Niliita majina matatu kamili, jina la kwanza likiwa la kiume lisilo na shaka yoyote, na aliyesimama alikuwa mtu aliyevaa gauni refu, kichwani amefunga kitambaa vizuri. Benchi zima liligeuka. Mama mmoja akasema, kwa sauti ambayo kila mtu aliisikia, "Kumbe ni huyu?" Mteja wangu alisimama pale kwa muda mfupi sana, kisha akageuka akaelekea getini bila dawa.

Katika hesabu zetu, anayepitisha siku 28 baada ya tarehe yake bila kuja anaandikwa kuwa amekatiza matibabu. Yeye alipitisha wiki sita. Simu hakupokea. Hatimaye nilimkuta Mwanjelwa, katika saluni anakosukia, na kwa kuwa hakukuwa na mteja tuliweza kuongea.

"Shikamoo, sista."

"Marahaba, mdogo wangu. Mbona umetutupa?"

"Sijazichoka dawa, sista. Nimechoka kuitwa."

Nilikuwa nimejiandaa kumweleza juu ya usugu wa dawa, na maneno yote yaliniishia hapo hapo.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikiitafakari lugha yetu yenyewe. Kiswahili hakimuulizi mtu jinsia yake katika kitenzi: anakuja, amelala, atapona, ni maneno yale yale kwa mwanamume na mwanamke. Tunaikaribisha jinsia wenyewe katika kuamkiana, kwa kaka, dada, baba, mama, bwana na bibi, na kwa watu wa nyanda za juu, ambao hatuwezi kupita mtu bila kumsalimu kwa cheo chake cha undugu, hapo ndipo mtu kama mteja wangu, anayeishi kama mwanamke ingawa faili linamwita mwanamume, huumizwa mara kumi kabla ya chai ya saa nne. Hata hivyo lugha hiyo hiyo inatupa mlango: mdogo wangu, mwanangu, mwenzangu, ndugu. Maneno haya hayamdanganyi yeyote na hayamvui mtu utu wake.

Mkoa wetu hauna sababu ya kulichukulia jambo hili kuwa dogo. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 hadi 2023 ulionyesha kuwa maambukizi ya VVU kwa watu wazima nchini yalikuwa asilimia 4.4, lakini Njombe yalifika asilimia 12.7, Iringa 11.1 na Mbeya 9.6. Takwimu za dawa zinatia moyo, kwa sababu wengi sana wanaojua hali zao wanatumia ARV na virusi vyao vimefubaa. Ila jedwali zake zina safu ya wanaume na safu ya wanawake, na mteja wangu wa saluni, hata akimeza dawa kwa uaminifu namna gani, anaonekana katika safu ambayo mwenyewe haitambui.

Kipimo cha wingi wa virusi hakipimi usingizi. Mteja huyu aliniambia kwamba kwa miezi kadhaa alikuwa akilala jogoo wakianza kuwika, kwamba chakula hakikuwa na ladha, na kwamba kuna usiku aliotamani asiamke. Dalili kama hizi zina jina, sonona, na lipo dodoso la maswali 9, lililokwisha kutafsiriwa kwa Kiswahili, ambalo muuguzi yeyote anaweza kulitumia kwa dakika chache. Swali lake la mwisho linahusu mawazo ya kujidhuru, na ndilo wengi wetu hulirukaruka kwa kuogopa kwamba kuuliza ni kumpa mtu wazo. Kuuliza hakumpi mtu wazo hilo. Kwa wengi huwa ni mara ya kwanza kupata pa kulitua.

Sehemu ya tatizo lake la usingizi ilikuwa rahisi. Kidonge cha sasa, ambacho nchi yetu ilianza kukitumia kwa wingi kuanzia mwaka 2019, kina dolutegravia ndani yake, na dawa hiyo huwanyima usingizi baadhi ya watu wanaoimeza usiku. Tulihamishia kidonge asubuhi. (Wateja wa zamani watakumbuka dawa iliyotangulia, efavirenzi, na ndoto zake za kutisha, kidonge hiki ni afadhali sana.) Sehemu iliyobaki haikuwa rahisi. Ndugu zake walikuwa wamempeleka kuombewa mara mbili, mara ya kwanza kwa ajili ya virusi na mara ya pili kwa ajili ya gauni, na kwa mujibu wake maombi ya pili ndiyo yaliyomvunja. Shirika la Afya Duniani liliondoa suala la utambulisho wa kijinsia katika orodha ya magonjwa ya akili, katika mwongozo uliopitishwa mwaka 2019 na kuanza kutumika Januari 2022. Kwa hiyo tunapotibu, tunatibu sonona. Gauni halina dawa kwa sababu si ugonjwa.

Upande wa afya ya ngono ndiko aibu yetu sisi watoa huduma ilikojificha zaidi. Tunauliza, "Una mwenza?" na jibu likija tunaandika bila kuinua macho. Tunauliza kuhusu usaha ukeni au kwenye uume, na hatuulizi kuhusu njia ya haja kubwa, kwa hiyo kisonono na kaswende za huko hukaa kimya. Wapo wanaouliza kwa kusema "kinyume na maumbile", halafu wanashangaa mteja anapokana. Swali lililokwisha kutoa hukumu halijibiwi kwa ukweli, hasa katika nchi ambayo sheria ya jinai inaadhibu tendo lenyewe na mwaka 2017 serikali ilifunga vituo 40 vilivyokuwa vikihudumia makundi yaliyo katika hatari zaidi ya VVU. Ni vema mtoa huduma akumbuke pia Sheria ya UKIMWI ya mwaka 2008, inayokataza unyanyapaa na inayomtaka atunze siri ya anayemhudumia.

Mteja wangu alikuwa na hofu nyingine ambayo sikuitegemea. Alikuwa akinunua vidonge vya majira katika duka la dawa ili mwili wake ulainike, na rafiki yake alikuwa amemwambia kwamba ARV huvimaliza nguvu. Kati ya hivyo viwili, alichagua vya majira. Nilimweleza ninachokijua: efavirenzi kweli ilikuwa ikipunguza homoni za vidonge hivyo mwilini, lakini dolutegravia haiziathiri kwa kiwango cha kutisha, kwa hiyo hakuna sababu ya kuacha dawa ya VVU kwa ajili hiyo. Nilimweleza vilevile kwamba homoni iliyomo katika vidonge hivyo haishauriwi kwa kazi aliyokuwa akiitaka, kwa sababu huongeza hatari ya damu kuganda katika mishipa, na hatari huzidi kwa anayevuta sigara. Alicheka, kwa sababu sigara alikuwa nayo mkononi. Sikumkemea. Ningemkemea angenyamaza, na hilo la vidonge nisingelijua kamwe.

Jambo lililomshangaza kuliko yote ni kwamba angeweza kupenda bila kuambukiza. Utafiti uliochapishwa mwaka 2019 ulifuatilia jozi 782 za wapenzi wa kiume ambao mmoja wao ana VVU na virusi vyake havionekani katika kipimo, na hakuna hata mmoja aliyeambukizwa na mwenza wake huyo. Ameishi miaka sita na dawa, na hakuna aliyewahi kumwambia. Nadhani tuliogopa kwamba tukimwambia tungekuwa tumebariki mapenzi yake, kana kwamba alikuja kuomba baraka.

Alirudi mwezi Septemba. Sasa tunaita kwa namba, na jina analolipenda nimeliandika kwa penseli pembeni ya faili, mahali ambapo zamu yoyote italiona.

Kisha amekuja mwingine, kijana wa Uyole mwenye ndevu chache na kofia ya pama, ambaye kwa kuzaliwa kwake ana mlango wa kizazi. Anayeishi na VVU ana hatari ya saratani ya mlango huo karibu mara 6 zaidi, na kipimo chake cha siki tunakifanya bure, lakini kinafanyika katika chumba kilichozungukwa na akina mama wajawazito, na kwa miaka yote ya kliniki hakuwahi kukaribia mlango ule. Nilizungumza na mwenzangu wa chumba hicho, tukapanga Jumanne saa tisa alasiri, baada ya akina mama kuondoka.

Alifika saa nane na nusu. Aliniamkia, kisha akasimama akiisikilizia ile sehemu ya pili ya jibu.

"Marahaba, mdogo wangu," nikamwambia. "Pita ndani, kuna baridi."