Ye ni mutoto ya nani?

Jumamosi nilikwenda kwa Yaya Mado, msusi wetu (yaya kwetu ni dada), kulipa deni la meshi (nywele za kusukia) za binti yangu Naomi. Nilimkuta chini ya mwembe wa lupango lao (ua wa nyumba), vidole viko kichwani mwa mtu kama kawaida, wala hakuinua macho. "Mama Naomi, aksanti Mungu mutoto amepoa. Wiki ile alilia hapa mpaka nikaacha kusuka."

Nikajibu: "Eh, amepoa."

Sikujua chochote. Nilisimama mbele ya wateja watatu nikitikisa kichwa kama mama anayejua mambo ya nyumbani kwake, nikatoa pesa, nikaondoka bila kungoja chenji.

Baba mdogo wa Likasi, huku Katanga ya Kongo, tulimzika Jumanne (asanteni mliofika na mliotuma pole), prefe (mkuu wa shule) mpya kaingia shuleni Jumatano, na yote hayo yamepita kama yametokea kwa jirani. Mimi bado niko jikoni, Jumamosi jioni, Naomi anasugua sufuria ya bukari (ugali) iliyoshika ukoko. Nilikuwa nimejipanga njia nzima. Nikauliza kwa sauti ya chini: kuna kijana? Akasema ndiyo, alikuwepo, yameisha. Na mimi, mwalimu, ninayefundisha elimu ya maisha kwa watoto wa wenzangu, nikafungua mdomo:

"Ye ni mutoto ya nani?"

Hakugeuka. "Unaona, mama? Nilimwambia Yaya Mado utaanzia palepale."

Angesema kwa jeuri ningemkemea, na usiku ningelala. Alisema kwa upole, kama mtu aliyetabiri mvua na sasa inanyesha. Kwa hiyo kila usiku narudi pale kwenye sufuria na kuuliza kitu kingine. Alikufanyia nini? Unakula vizuri? Usiku mwingine siulizi kitu, nachukua kitambaa tu nakausha vyombo.

Linaloniuma zaidi ni kwamba shuleni naweza. Wasichana wananifuata saa ya mapumziko na mambo ambayo mama zao hawatayasikia kamwe, na sijawahi kumwuliza hata mmoja kijana wake ni wa ukoo gani. Kumbe na mimi ni Yaya Mado, wa watoto wa watu.

Jumanne, tukitoka makaburini, gari letu lilipita mbele ya stesheni ya Likasi. Mwaka 1992 nilikuwa na miaka 16, naishi palepale kwa Kambo, yaani nyanya yangu, tunalala mkeka mmoja. Kijana wangu alikuwa Mkasai, wa ukoo uliotoka Kasai, na Wakasai walikuwa wakifukuzwa Katanga. Mliokuwepo mnakumbuka mwaka ule mji mzima ulikuwa ukiuliza swali moja tu, mtoto wa nani, na jibu ndilo lililoamua nani abaki na nani akalale stesheni na magodoro na masufuria akingoja treni. Kwao walilala pale majuma. Kambo nilikuwa nimemwambia yote, tangu mwanzo. Yeye aliuliza: "Anakuchekesha?" Basi. Baadaye alifunga unga na kapenta (dagaa) kwenye kitambaa akampelekea mama wa yule kijana kule stesheni, na siku moja akarudi mikono mitupu, akaniambia: "Wamepata nafasi." Hatukuongea tena.

Huenda swali langu la jikoni nililiokota palepale. Sijui. Naomi hajui habari hii, na mimi ndiye ninayelalamika kwamba mtu ananificha.

Halafu juzi nikampigia mama yangu kumlilia. Nikaeleza yote: Yaya Mado, machozi, sufuria. Akasikiliza mpaka mwisho, akauliza:

"Ule wa baiskeli?"

Alijua! Alijua tangu Pasaka! Nilicheka mpaka Baba Naomi akatoka chumbani kuuliza kuna nini (yeye hajui lolote, na atakayemwambia tutaonana). Nilipaswa kukumbuka. Babu alikuwa akiniita bibi yake (ndugu wa Dar mnisamehe, huku kwetu bibi ni mke), na Kambo akiniita mke mwenza, akinitisha kwamba nikigusa kichwa cha samaki tutapigana. Mtu aliyekuita mke mwenza tangu unatambaa, utamwonea haya gani ukimletea habari za mvulana? Mama yangu anamfanyia Naomi vilevile, kila likizo. Na mimi nilikuwa nikisikia kicheko chao kule nyuma nikidhani wanachambua sombe (kisamvu).

Nilimwuliza mama, basi huyo wa baiskeli ni mtoto wa… Nikajikamata. Lakini alisikia. Akakata simu akicheka.

Leo asubuhi kikombe kimekwaruza chini ya ndoo ya unga. Kule Kasumbalesa, mpakani na Zambia, wanasema malori ya unga yamekwama tena, na mshahara haujaingia.