"Ndani kuna nini?": nilivyowafundisha wanafunzi wangu kuhusu uhalifu bila kuwatisha

Nimechoka na ushauri wa "watishe tu". Ukisema hapa Busia, mpakani mwa Uganda na Kenya, kwamba unataka kuzungumza na wanafunzi kuhusu uhalifu, mmoja anakwambia uwaonyeshe picha za mwizi aliyechomwa na umati. Mwingine anataka umlete mtu aliyefungwa gereza la Luzira awasimulie mateso. Mwalimu mwenzangu, mtu ninayemheshimu sana, aliniambia dawa ya mtoto wa mpakani ni kiboko. Nikamkumbusha kwamba Sheria ya Watoto, tangu irekebishwe mwaka 2016, imekataza kiboko shuleni. Akanijibu, "Basi utawapoteza."

Sikuwapoteza, na ndiyo maana naandika.

Nafundisha Kiswahili sekondari, upande wetu wa Uganda. Njia ya kutisha ilishajaribiwa shuleni kwetu na nikaiona kwa macho yangu. Aliitwa afande mmoja, akasimama mbele ya gwaride la asubuhi, akainua pingu juu na kusema, "Hizi zinawasubiri." Wakubwa walitazama chini. Wadogo walisukumana wapate kuzishika. Wiki nzima iliyofuata, wakati wa mapumziko, wavulana walikuwa wakifungana mikono kwa kamba za katani, mmoja afande, mwingine mwizi. Muhula huohuo vijana wawili wa kidato cha pili wakakamatwa kwenye njia ya panya na mzigo wa magendo. Nilipokwenda kuwaona, mkubwa wao aliniambia kwa uchungu wa kweli, "Mwalimu, sisi si wezi. Tulipewa tubebe tu."

Sentensi hiyo ndiyo iliyonifungua macho. Afande alizungumza juu ya wahalifu, na hakuna mtoto pale aliyejiona kuwa mhalifu. Kwetu uhalifu hauji na bastola. Unakuja na mjomba anayesema nishikie mfuko huu mpaka stejini, jirani anayeomba pesa ziingie kwenye laini yako, rafiki anayekuambia usimame mlangoni uangalie kama kuna mtu anakuja. Kama humfundishi mtoto hapo, umefundisha hewa.

Basi nikatafuta boksi la mafuta ya kupikia. Nikaweka madaftari ya zamani na kufuli kubwa ili liwe zito na ligonge kidogo likitikiswa. Nikalifunga kwa selotepu pande zote, nikazungusha kamba. Mkuu wa shule nilimweleza, akakubali. Kijana mmoja wa bodaboda anayeegesha karibu na geti naye akakubali kunisaidia. Mama wa chapati nilimlipa mapema, si pesa nyingi.

Wakati wa mapumziko nikawa namwita mwanafunzi mmoja mmoja, kutoka makundi tofauti ili asije mtu akaaibika peke yake. "Nipelekee boksi hili kwa yule wa bodaboda getini. Ukirudi, chapati yako iko kwa mama." Nilihakikisha nina kila aina ya mtoto: kiranja, mtoro, msichana anayeongoza darasa, mvulana mkimya wa nyuma. Wote walibeba. Kijana wa bodaboda alikuwa na maagizo ya kujibu akiulizwa, lakini hakupata nafasi ya kuyatumia. Mmoja hata alijitolea kulifikisha sokoni kama linahitajika huko.

Mchana nikaliweka boksi juu ya meza. "Waliolibeba, niambieni kuna nini ndani." Vitabu, akasema wa kwanza. Mayai, akasema wa pili. Nani alikuambia ni mayai? "Mwalimu, ulisema nibebe polepole." Nikalifungua, nikatoa kufuli, nikauliza: kama badala ya kufuli hili ningeweka bangi, na afande angekusimamisha getini, ungemwambiaje? Darasa likalipuka. Kiranja akasimama, amekasirika kabisa. "Lakini Mwalimu, wewe tunakujua!"

Hapo ndipo nilipokuwa nawasubiri. "Na anayekutuma mpakani humjui?" Wakaanza kutaja wenyewe: kaka, shemeji, baba mwenye nyumba, yule anayetununulia soda. Sikuhitaji kuhubiri.

Ila kujua peke yake hakutoshi, na hili washauri wangu hawakuliona. Mtoto wa kwetu aliyelelewa vizuri hawezi kumwambia mkubwa "sibebi". Ni utovu wa adabu, na nyumbani atachapwa. Kwa hiyo tulitumia vipindi kutafuta maneno yanayotoka mdomoni bila kumvunjia mtu heshima. Walioshinda ni kundi la wasichana wa mbele: "Samahani mjomba, mwalimu wetu ametukataza kubeba mzigo uliofungwa. Ukinifungulia nikaona, nitabeba." Lawama yote inanijia mimi, mtoto anabaki na adabu yake. Tulilifanyia mazoezi mpaka likawa linatoka bila kigugumizi, mimi nikiigiza mjomba mkali, mjomba mpole, mjomba mwenye pesa mkononi. Mjomba mpole ndiye aliyewashinda wengi. Kama unafundisha, usimsahau huyo.

Baada ya hapo tukafanya mahakama ya kuigiza, maana kipindi cha Kiswahili kinaruhusu. Hakimu, karani, wakili, mashahidi. Kesi: vijana watatu na simu ya dukani. Mmoja ameichukua, mmoja alisimama mlangoni, wa tatu aliinunua jioni kwa bei ya kutupa. Darasa lilimwachia huru wa mlangoni kwa kura nyingi, na mnunuzi wakamwonea huruma. Ndipo nikawasomea. Kwa Kanuni ya Adhabu yetu, mliokubaliana kutenda kosa mnabeba hatia pamoja, hata aliyesimama tu. Na anayepokea mali akijua au akiwa na sababu ya kuamini kwamba imeibwa, sheria inamfungulia kifungo cha hadi miaka 14 akiwa mtu mzima. Aliyeigiza mlinzi wa mlango, mvulana mkubwa, alikaa akaniuliza kwa sauti ya chini kama kweli kusimama tu ni kosa. Nikamwonyesha maandishi ayasome mwenyewe.

Afande tulimwita tena, safari hii kutoka dawati la watoto na familia, na hakuhutubia. Wanafunzi waliandika maswali bila majina wakayatumbukiza kwenye lile boksi. Nauli yake na soda tulichangishana walimu, elfu ishirini na kitu hivi. Maswali yalinishangaza kwa uzito wake. Nikikamatwa nitalala na watu wazima? Akajibu: hapana, sheria imekataza kumchanganya mtoto na wakubwa, mzazi aarifiwe, na asizidi saa 24 polisi bila kufikishwa mahakamani. Dhamana inalipiwa? Dhamana ya polisi ni bure, anayekuomba hela anakuibia. Mtoto wa miaka mingapi anaweza kushtakiwa? Kuanzia 12. Wengi walidhani ni 18, na hapo nilisikia minong'ono darasa zima.

Kuna mwalimu aliyelalamika kwamba tunawafundisha kukwepa mkono wa sheria. Sikubaliani naye. Mtoto anaweza kuwekwa mahabusu hadi miezi 3 akisubiri kesi, na kwa makosa makubwa yanayobeba adhabu ya kifo hadi miezi 6. Huku mashariki mahabusu hiyo ya watoto iko Mbale, mbali na mama yake. Akikamatwa muhula wa tatu, UCE, mtihani wa taifa wa kidato cha nne, imempita. Hesabu hiyo mtoto anaielewa kuliko picha ya maiti.

Swali moja kwenye boksi lilikuwa fupi: "Na kama anayenituma ni baba?" Hilo hatukulijibu mbele ya darasa. Tulitangaza tu kwamba mwalimu mlezi wa wasichana na mimi tutakuwa chini ya mwembe kila mchana, na tukaandika ubaoni namba 116 ya Sauti, ya kusaidia watoto, ambayo haina malipo. Mwenye swali alikuja. Yaliyofuata ni yake na afisa ustawi, siyaandiki. Lakini ukianza kazi hii bila kupanga mtoto wa namna hiyo atakwenda kwa nani, usianze.

Mzazi mmoja alinijia juu. Mwanawe alimwambia mteja wa familia, mtu mzima, "nifungulie nione," na mteja akaondoka na mfuko wake kwa hasira. Mama alidai nimemharibia mtoto adabu. Nikamwomba akae, nikamuuliza mteja mwenye mzigo halali angekasirika kwa nini. Alinyamaza kidogo, kisha akaniuliza kama anaweza kuja kusikiliza kipindi kijacho. Amekuja, na amewaleta wenzake wa sokoni.

Boksi sasa wanalijua, haliwezi kumnasa mtu tena. Muhula ujao tunaandaa kesi ya laini ya simu: binti aliyepokea pesa za mtu, akakatiwa elfu tano yake, na polisi wakaifuata namba hadi bwenini. Kiranja yule aliyenikasirikia ameomba awe hakimu.