Siku yangu moja Morogoro: udongo wa Pemba na swala tano

Kila ninaporudi Wete kwa likizo, majirani huniuliza kwa upole swali lile lile: mwalimu, bado unasoma tu? Nawaelewa, kwa sababu hata mimi, kabla ya kuomba ruhusa ya masomo na kuja Morogoro, nilidhani kwamba anayechukua shahada ya uzamili ni mtu wa kukaa maktaba, kusoma vitabu vinene na kungoja mitihani. Nimeiandika siku hii moja, Alhamisi ya mwezi wa Julai, kwa saa zake kadiri nilivyoweza, ili wao na wengine waione kazi yenyewe ilivyo, na waone pia kilichonisimamisha katika mji ambao sikuwa na ndugu hata mmoja ndani yake.

Saa kumi na dakika arubaini usiku

Ninaamka kula daku, kwa kuwa Jumatatu na Alhamisi huwa nafunga sunna. Nimepanga chumba kimoja katika nyumba ya mama mmoja wa Kiluguru, na mwezi huu baridi ya milima ya Uluguru hushuka hadi mitaani usiku kucha, baridi ambayo sisi watu wa Pemba hatuijui. Nakula viazi vitamu vilivyobaki jana na chai ya rangi, nanuia, natawadha kwa maji yanayouma vidole, na adhana ya alfajiri inapotolewa karibu na saa kumi na moja na nusu, huwa nimeshakaa juu ya mswala.

Hapa lazima nieleze jambo moja. Nilipokuwa nikifundisha kemia sekondari, siku yangu iliendeshwa na kengele: kipindi, mapumziko, kipindi, kwenda nyumbani. Shahada ya uzamili haina kengele. Masomo ya darasani yakishakwisha, mwanafunzi hubaki peke yake na utafiti wake, na hakuna anayemuuliza ameamka saa ngapi, amekula nini, au amezungumza na nani kwa muda wa wiki nzima. Wanafunzi wa shahada ya kwanza wanakwenda kwa makundi na vicheko. Sisi wanauzamili tu wachache, kila mmoja na mada yake, na upweke wetu hauonekani kwa sababu tuna umri wa watu wazima. Surat An-Nisaa, aya ya 103, inasema kwamba swala kwa waumini ni faradhi iliyowekewa nyakati maalumu. Aya hiyo ndiyo niliyoifanya ratiba. Niliigawa siku kwa swala tano na kila sehemu nikaipa kazi yake: baada ya alfajiri ninaandika, kabla ya adhuhuri ninaandaa sampuli, kati ya adhuhuri na alasiri ninafanya kazi nzito ya maabara, baada ya alasiri ninapiga hesabu, na baada ya isha hakuna kazi ila kwa dharura.

Saa moja na nusu asubuhi

Aya mbili za sura ya pili ya tasnifu zimeandikika, na ninatoka. Mama mwenye nyumba amesharudi kutoka misa ya asubuhi na anafagia uwanja. Ninamwamkia, naye anaitika marahaba mwanangu, kisha anasema kuwa leo ni Alhamisi na kwa hiyo hatanisumbua na chai yake. Ni Mkatoliki wa tangu kuzaliwa, na tangu nilipomweleza habari ya funga zangu hajawahi kukosea siku.

Saa mbili na nusu

Chuo kikuu hiki cha kilimo kilianzishwa mwaka 1984 na kupewa jina la Edward Moringe Sokoine, Waziri Mkuu aliyefariki kwa ajali ya gari hapo Dakawa, mkoani humu humu, Aprili ya mwaka huo huo. Mimi nimekuja hapa kwa ajili ya udongo, na udongo wenyewe umetoka kwetu. Niliuchimba katika mashamba ya mikarafuu ya Pemba, kwa kina cha sentimita 0 hadi 20 na 20 hadi 40, nikauanika kivulini, nikausafirisha kwa meli kutoka bandari ya Mkoani hadi Unguja, nikavuka hadi Dar es Salaam, kisha nikaupakia katika treni ya umeme ambayo imekuwa ikifika Morogoro tangu 2024. Wazee wetu husimulia kwamba dhoruba ya 1872 iliiangusha mikarafuu mingi ya Unguja, na tangu hapo Pemba ndiyo iliyolibeba zao hili. Mashamba yale yale yamevunwa kizazi baada ya kizazi. Swali langu la utafiti ni jepesi kulitamka, nalo ni kujua mboji imebaki kiasi gani chini ya mikarafuu mikongwe ikilinganishwa na mashamba yaliyopandwa upya, lakini kulijibu kunataka kupima kaboni, ambayo huonyesha kiasi cha mboji, katika kila kifuko cha udongo nilichokuja nacho, na kila kifuko mara mbili.

Asubuhi nzima ninasaga na kuchekecha. Vumbi jekundu linanikaa viganjani. Madhehebu ya Shafii tuliyolelewa nayo pwani yanataka tayamamu, yaani kujitwaharisha pasipo maji, ifanywe kwa udongo wenye vumbi, udongo unaoshika mkononi, kwa hiyo tangu utotoni sikuwahi kuona udongo kuwa uchafu, na ninapoona wageni wa maabara wakijikung'uta nguo zao kwa haraka, huwa ninajisikia kuutetea.

Saa sita na nusu hadi saa saba na robo

Kuna hesabu moja ndogo ninayojivunia. Katika kupima kaboni kwa njia ya Walkley na Black, ambayo imetumika tangu 1934, unaweka gramu moja ya udongo ndani ya chupa, unaongeza dikromati ya potasiamu, kemikali ya kuiunguza kaboni, kisha mililita 20 za asidi kali ya salfuriki. Mchanganyiko unachemka wenyewe bila moto, nawe unatakiwa kuuacha utulie kwa nusu saa. Nimejifunza kuipanga kazi hivi kwamba nusu saa hiyo iangukie wakati wa swala ya jamaa. Mtandio nimeufunga nyuma ya shingo na kuuingiza ndani ya koti la maabara, kwa sababu ncha inayoning'inia karibu na asidi ni hatari. Ninamimina chupa ya mwisho, ninanawa, na fundi sanifu wetu, mzee wa Kilutheri ambaye amefanya kazi hii kwa miaka mingi kuliko umri wangu wa kazi, ananyoosha mkono kuelekea mlangoni. "Nenda, mwalimu. Hizi nitazitazama mimi." Msikitini upande wa wanawake tupo sita au saba. Hapa adhuhuri huingia kama dakika nane baada ya kuingia Wete, kwa kuwa sisi tuko magharibi zaidi, na mara nyingi ninapotia udhu hukumbuka kwamba mume wangu na mwanangu kule wameshatoa salamu.

Kutoka hapo saa hazihesabiki vizuri tena.

Titresheni, yaani kupima kwa kudondosha kimiminika hadi rangi ibadilike, ni kazi ya kusimama. Chupa 24 zimepangwa mbele yangu, bureti, mrija wa kioo wenye vipimo na bomba dogo, iko usawa wa macho, na kila chupa inaongezewa maji, asidi ya fosfori na kiashirio, halafu inakuwa na rangi ya zambarau iliyokolea hadi kukaribia weusi. Unafungua bureti, unaizungusha chupa kwa mkono wa kulia, unatazama. Kwa muda mrefu hakuna kinachotokea. Kisha rangi inaanza kulegea, inakuwa ya samawati iliyochafuka, na hapo ndipo unapoanza kutoa tone moja moja, kwa kuwa kati ya samawati na kijani kuna tone moja tu, na ukilipita hilo hakuna kurudi nyuma. Chupa hiyo imeharibika na udongo huo utapimwa upya. Unaandika ulichosoma kwenye bureti. Unaosha. Unajaza. Unaanza tena. Baada ya chupa ya kumi visigino vinawaka, na baada ya chupa ya kumi na tano mdomo umekauka kabisa kwa funga, na harufu ya asidi imeingia hadi kwenye koo ingawa kifaa cha kuvutia hewa nje kinafanya kazi. Miwani ya kujikinga inabana nyuma ya masikio. Mwanafunzi mmoja wa mwaka wa pili anaingia kuuliza kama nitachukua muda mrefu na hiyo bureti, anatoka, anarudi kuuliza tena, na ninamjibu kwa utulivu mara zote mbili, jambo ambalo kwa hali niliyokuwa nayo ninalihesabu kuwa sehemu ya funga.

Watu huniuliza kama huwa ninaleta uradi wakati wa kazi hii. Hapana. Ulimi ukihesabu tasbihi, jicho linapoteza tone. Nimefundishwa kwamba ihsani ni kumwabudu Mwenyezi Mungu kana kwamba unamwona, na kama humwoni, basi Yeye anakuona. Na mimi ninaamini kwamba mbele ya bureti, kumwabudu ni kutazama rangi kwa moyo wote.

Chupa ya mwisho ikaisha karibu na saa tisa, na nikakaa kupiga hesabu. Njia hii huchukuliwa kuwa inaipata takriban asilimia 77 ya kaboni, kwa hiyo jibu linazidishwa kwa 1.3. Karibu jozi zote zililingana. Jozi mbili hazikulingana. Katika udongo wa shamba moja kongwe, kipimo cha kwanza na cha pili viliachana mno, na katika shamba jingine vivyo hivyo. Sababu inaweza kuwa kipande cha mzizi kisichoonekana kwa macho kilichoangukia chupa moja na kuikosa nyingine. Sababu hiyo inajulikana na kila mtu anayefanya kazi na udongo. Ningeweza kuchukua wastani. Wastani ulikuwa mzuri, ulikaa pale pale nilipotarajia, na hakuna msomaji wa tasnifu yangu ambaye angejua. Mzee wa maabara alikuja akasimama nyuma yangu, akaitazama karatasi, hakusema neno.

Data ni amana. Mkulima aliyeniruhusu kuchimba shimo katikati ya mikarafuu aliyoachiwa na babu yake hakunipa udongo wake ili niandike nambari nzuri. Mpango wangu wa jioni ulikuwa kuanza kundi jipya, na kundi hilo likasubiri. Nikavitoa vifuko vile viwili, nikausaga udongo upya, laini zaidi, nikapima safari hii mara tatu kwa kila shamba, nikamimina dikromati na asidi, na nusu saa ya kusubiri ikaangukia alasiri. Niliswali pembeni ya chumba cha mizani, kwani miguu haikutaka kufika msikitini. Niliposujudu nilihisi uchovu wote ukishuka kwenye paji la uso, na nilikaa katika sijida ya mwisho kuliko kawaida, nikiomba kwa Kiswahili mambo ya kawaida tu: nguvu, mume wangu, mwanangu, chupa sita.

Zilikuja kulingana. Shamba la kwanza lilishuka chini ya wastani ule mzuri, na sasa nina jambo la kumweleza msimamizi wangu ambalo sikuwa nalo asubuhi, kwamba huenda ile mikarafuu mikongwe imekaa juu ya udongo uliochoka kuliko tulivyodhani. Nilikosha vyombo, mzee akafunga milango, na kulikuwa kunaelekea magharibi.

Nilifungua kwa tende na maji nikiwa njiani. Nyumbani nilikuta bakuli la maharage limefunikwa mlangoni pangu. Nilikula, nikaswali, na mwanangu akapiga simu kabla ya isha kama kila siku. Anasoma Juzuu Amma, sehemu ya mwisho ya Qurani, madrasa na amefika Surat An-Naba. Alisoma, nikamrekebisha pale alipoteleza, akasoma tena. Bibi yake akachukua simu kunijulia hali, kisha mume wangu, ambaye aliuliza kuhusu udongo kabla ya kuuliza kuhusu mimi, kwa kuwa anajua kwamba kwa njia hiyo atapata habari zote mbili.

Baada ya isha nilibaki na kazi moja. Dada mmoja wa Chake Chake amepata nafasi ya kuanza uzamili mwaka huu wa masomo, na alikuwa ameniandikia kuuliza, pamoja na mambo ya chumba na ya vifaa, kama inafaa apunguze swala kama msafiri, zile za rakaa nne ziwe mbili, katika wiki zake za mwanzo, kwa sababu atakuwa anajihisi msafiri. Nilimjibu kwamba katika madhehebu yetu msafiri anayenuia kukaa mahali siku nne kamili, mbali na siku ya kuingia na ya kutoka, hukoma kuwa msafiri tangu anapofika, na yeye anakuja kukaa miaka miwili; kwa hiyo adhuhuri yake ya kwanza Morogoro ataiswali rakaa nne. Nilimwambia kwamba hukumu hiyo ilinihesabu mimi kuwa mkaazi nikiwa bado sijui hata njia ya sokoni, nami nikaona niishi kama ilivyonihesabu: nikatafuta majina ya majirani, nikaenda darsa ya wanawake ya Jumamosi ambako ndiko nilikoelekezwa chumba hiki, na moyo ukafuata baada ya miezi. Kuhusu maabara, nilimshauri ajitambulishe kwa mzee wetu siku ya kwanza na kumtajia nyakati zake za swala kabla hajaomba kifaa chochote, kwani yeye hupanga foleni ya bureti na mizani kwa wiki nzima. Na kama atakuja na udongo kutoka nyumbani, auanike vizuri kabla ya kuufunga, maana safari ya meli ina unyevu.