Romania, kwa mafundi shaba wa Kiroma

Kwetu ukitaja utumwa watu wanawaza Bagamoyo, Mkunazini Zanzibar, au zile meli za kwenda Marekani, na ni haki yao kuwaza hivyo. Ila kuna utumwa mwingine ulikaa hukohuko Ulaya karibu miaka 500, waliofanywa watumwa ni Waroma, hawa ambao wengi tunawasikia kwa jina la majipsi, na mimi hiyo habari ndo ilinipeleka Romania.

Kutoka Bucharest nikapanda treni mpaka Târgu Jiu, halafu basi dogo hadi Tismana. Pale kuna monasteri ya Waorthodoksi imekaa juu ya jabali, msitu umeizunguka, chini yake maji yanaporomoka, aisee ni pazuri. Sasa panauma hapa: hati ya mwaka 1385 inayohusu monasteri hiyo ndiyo ya kwanza kuwataja Waroma katika nchi ya Wallachia, ambayo leo ni kusini mwa Romania, na imewataja kama mali, familia 40 walizopewa watawa. Hao wazee wao asili yao India, wametembea karne na karne kupitia Uajemi na nchi za Byzantium, halafu wanakuja kuandikwa kwenye karatasi kama sadaka ya kanisa! Nilikaa uani muda mrefu, sista mmoja anafagia majani, mimi nawaza zile familia 40 na watoto wao nani alikuwa anajua hata majina yao.

Wenye watumwa walikuwa mtawala, makabaila wanaoitwa boyari, na monasteri. Mtoto wa mama mtumwa naye anazaliwa mtumwa, sheria ya Wallachia ya 1818 ilisema hivyo bila kuficha. Mihail Kogălniceanu, mwanasiasa aliyeupinga sana utumwa, alieleza kwamba utotoni kwake mjini Iași aliona watu wamefungwa minyororo mikono na miguu, wengine wamebanwa vyuma kwenye paji la uso. Nchi jirani ya Moldavia, huko kwenye Iași, waliwaachia Desemba 1855, Wallachia Februari 1856, na fidia wakalipwa mabwana, kama ilivyokuja kufanyika Zanzibar 1897, aliyekuwa mtumwa akatoka mikono mitupu, hana hata kiwanja. Halafu leo mtu anauliza kwa nini Waroma wengi ni maskini. Kweli jamani?

Nikavuka milima mpaka Sibiu. Hotelini nilipowaambia naenda Brateiu wakaniambia shika pochi yako vizuri, tena wakasema mbele ya mfanyakazi wao anayefua mashuka ambaye ni Mroma. Niliona vibaya sana.

Brateiu iko kupita mji wa Mediaș kidogo, unaijua tu maana shaba inang'aa kando ya barabara, sufuria, birika, na mitambo ya kupikia țuică, hiyo ni kama gongo ila ya matunda ya plamu. Hawa ni Kalderash, ukoo wa wafua shaba. Akina mama wamevaa sketi ndefu za maua, wazee kofia pana. Mzee mmoja akanikaribisha ndani, mjukuu wake anatafsiri maana kaishi Uingereza. Mzee kakaa chini, fuawe katikati ya miguu, anagonga bamba la shaba huku analizungusha taratibu na kila pigo linalalia nusu ya pigo lililopita, haangalii hata mkono. Sufuria ikiisha anaipasha moto, anatia bati ndani na kulisambaza kwa bonge la pamba, fyaa, mara moja imekuwa nyeupe.

Tulipokaa kula akaanza kumwongelea baba yake. Mwaka 1942 serikali ya Antonescu, dikteta wa Romania wakati wa Vita Kuu ya Pili, iliwabeba Waroma kama 25,000 kuwapeleka Transnistria, eneo la Ukraine lililokuwa limetekwa na Romania, waliokuwa wanahamahama wakaambiwa waende na mikokoteni yao wenyewe, baadaye wakanyang'anywa mpaka farasi. Njaa, baridi na homa ya chawa vikaua kama 11,000. Baba yake alirudi, wadogo zake wawili hawakurudi. Mzee aliyasema hayo anakata mkate, hakunyanyua macho, na yule kijana alinyamaza kidogo kabla ya kunitafsiria.

Baadaye nikatoa simu nikamwonyesha picha ya muuza kahawa wa Forodhani na dele lake. Wee, mzee alichangamka! Akaikuza picha, akaangalia lilipoungwa, akamwita mkewe aje aone, akauliza makaa yanawekwa wapi na kwa nini mdomo umechongoka vile, nikamjibu ninavyojua. Mwisho akasema nimletee vipimo atalifua. Nimeshamwambia shemeji yangu kule Unguja anipimie moja, urefu, kiuno na mdomo, akinitumia tu namrushia yule kijana WhatsApp.