Komeo la nje

Jumamosi iliyopita binti yangu alikuwa anapita chumba hadi chumba kwenye nyumba ya bibi yake kule Mtama, anapiga hodi kila mlango na kujiitikia karibu mwenyewe. Alipofika chumba cha nyuma, kile cha magunia, akasimama.

"Mama, mbona komeo la hapa liko nje? Anayelala humu anajifungaje?"

"Fundi alikosea," nikamwambia.

Akaridhika. Ana miaka saba, lakini keshaona vya kutosha kwenye nyumba tunayoijenga Lindi mjini kujua kwamba mafundi hukosea. Mimi ndiye nilibaki pale mlangoni, harufu ya mabibo yaliyochacha inaingia kutoka uani, mkono umeshika kile chuma.

Fundi hakukosea. Alilipwa jogoo mmoja alitie hapo hapo.

Mjomba alirudi Oktoba 1999, katikati ya msiba wa Mwalimu Nyerere. Mliokuwapo mnakumbuka: redio siku nzima nyimbo za maombolezo, kila nyumba watu wameizunguka, na Mkapa, mtu wetu wa kusini, ndiye aliyetutangazia. Mama na majirani walikuwa barazani wanalia. Basi la Masasi likasimama, akashuka mtu ana mfuko wa rambo na bahasha ya kaki. Binamu aliyetumwa kumchukua alikuwa ameshukia Mingoyo kwa shughuli zake, akamwacha amalizie safari mwenyewe. Akaja, akavua viatu mbali, akaketi chini pamoja na waliao, akainamisha kichwa. Hakuna aliyemtambua. Ilipita kama robo saa ndipo akamsogelea mama na kumnong'oneza, "Dada, ni mama?"

Alidhani aliyekufa ni bibi. Bibi wakati huo alikuwa jikoni anasonga ugali wa makopa.

Miaka tisa hatukuwa tumemwona. Hospitali yenyewe siitaji, na isitoshe pale kijijini walisema tu "katoka Mirembe", kwa kuwa kwetu kila hospitali ya akili ni Mirembe, na hata mtu akivaa shati kinyume ni wa Mirembe. Bara ni mbali. Daraja la Mkapa lilikuwa halijajengwa, Rufiji unavuka kwa pantoni, na nauli ya kwenda kumwangalia mgonjwa ndiyo hiyo hiyo ada ya shule. Sisemi kwa kujitetea. Au labda ninajitetea.

Basi furaha ilikuwapo, na hofu ilikuwapo. Kabla hajapelekwa aliwahi kutia moto banda la jirani lenye korosho za msimu mzima. Korosho zina mafuta kwenye ganda, zikishika moto ni kutazama tu. Jirani hakusahau, na nani angesahau? Siku ya tatu balozi wa nyumba kumi akaja na wazee wawili, wakaongea vizuri, kwa heshima, wakanywa chai yetu. Mchana mgonjwa atembee, usiku afungiwe. Ndiyo sharti.

"Mwanangu si mbuzi," bibi akasema. Lakini hakuwa na la kuweka badala yake.

Fundi akaja na jogoo akaondoka. Kufuli wakanunua dukani. Ufunguo bibi alikataa hata kuugusa, mama alikuwa anatoka alfajiri kwenda kuokota korosho, ukaangukia kwangu. Nilikuwa na miaka kumi na minne, nimemaliza la saba, nasubiri majibu, sina kazi. Sisi Wamwera mnatujua: mjomba ndiye mwenye neno juu yako. Ukiposwa ni yeye, ukichezwa unyago ni yeye, ukikosea ni yeye. Mimi mpwa wa kike ndiye niliyekuwa natembea na ufunguo wa mjomba wangu umefungwa kwenye pindo la kanga. Na nikiri jambo ambalo sijawahi kuliandika: nilijisikia mkubwa.

Habari ya dawa nitaipitia haraka maana inachosha hata kuikumbuka. Kwenye bahasha ya kaki kulikuwa na aina mbili za vidonge na maandishi ya nambari, mara mbili kwa siku, mara tatu kwa siku, basi. Hakuna aliyetuambia kwamba mtu akiwa kwenye dawa ile jua linamuunguza. Tulijua alipotoka shamba siku moja shingo imebabuka kama aliyemwagiwa maji ya moto, bibi akamtafutia kofia pana ya ukindu. Vile vidonge vidogo vya kuzuia kutetemeka ndivyo vilivyoisha kwanza. Zahanati walikuwa na Panadol na klorokwini. Mama akapanda basi hadi Lindi, akarudi navyo vya wiki mbili, na wiki ya tatu tukaanza upya. Katikati hapo kikombe kilikuwa kinamgongagonga meno.

Ila hakumgusa mtu. Alichota maji, alinyonyoa korosho kwenye mabibo na kuanika kochoko, yaani mabibo makavu, alinifundisha baiskeli kwa kunisukuma mteremkoni bila breki. Uraka, pombe ya mabibo, alikuwa akipita nao mbali mwenyewe. Mwezi ukapita hivyo.

Jioni moja bibi akaniita jikoni. Akasema bila kunitazama, macho kwenye moto, "Leo usifunge."

"Na balozi?"

"Balozi hakumzaa."

Sikufunga. Mjomba aliingia chumbani kwake baada ya kula, nikampa dawa, nikamtakia usiku mwema, nikaurudisha mlango tu. Nikaenda kulala na mama, ambaye hakuambiwa kitu. Usingizi haukuja. Nilikuwa nasikiliza. Panya darini nikadhani ni kiberiti.

Sijui ilikuwa saa ngapi. Nikasikia komeo linachezewa, taratibu, klik, klik, kama mtu anajaribu kitu kisichoingia. Halafu nyayo. Halafu mtu akakohoa nje ya mlango wetu, kikohozi cha adabu, cha mgeni.

"Hodi."

Mama alikuwa amechoka, anakoroma. Nikatoka. Mwezi ulikuwa mkubwa, uani kote kumeanikwa mabibo, harufu ile ile. Mjomba amesimama amevaa kila kitu, shati limefungwa vifungo hadi juu, kofia ya ukindu kichwani, saa za usiku.

"Mjomba," akaniambia. Ndivyo alivyoniita, kwetu mjomba na mpwa mnaitana hivyo hivyo. "Umesahau kunifunga."

"Sikusahau. Bibi kasema usifungwe tena."

Akanyamaza muda mrefu. Mikono ilikuwa inatetemeka, akaificha kwapani. Nilitegemea afurahi. Nilikuwa nimeshajiandaa kumwona anafurahi.

"Sasa nani atajua kama nimo?"

Sikumwelewa, akaona sikumwelewa, akanieleza kwa upole, kama mtu mzima anavyomweleza mtoto. Kule walikuwa wanahesabiwa. Jioni mnasimama kando ya vitanda, mtu anapita anahesabu, mlango unafungwa, ndipo unalala. Asiyehesabiwa halali, maana labda hayupo.

Tukarudi chumbani kwake. Akavua kofia, akaiweka juu ya godoro, akasimama kando ya kitanda mikono imenyooka. Akanitazama. Ananingoja.

Nikanyoosha kidole. "Mmoja."

"Yupo," akasema.

Akalala na shati lake. Nikatoka, nikasukuma komeo, nikatia kufuli. Hapo ndipo nilipopata usingizi, na sijui hata leo kama nilifunga kwa ajili yake au kwa ajili yangu.

Asubuhi bibi alikuwa wa kwanza kufika kwenye ule mlango. Akalikuta kufuli.

"Umemfunga."

"Kaniomba mwenyewe, bibi."

"Mtu haombi hivyo," akasema, akaenda zake kisimani.

Hakurudia tena. Hakuwahi pia kuniamini. Nilimwambia mjomba amwambie, akasema sawa, hakumwambia. Kila usiku nikawa nasema mmoja, ananijibu yupo, na bibi chumba cha pili anasikia kufuli tu. Nilipopata nafasi ya sekondari nikamwachia mama ufunguo na maelekezo. Mama alicheka, ila alihesabu. Mjomba alifariki 2006, malaria, usingizini. Bibi alifuata mwaka mmoja baadaye. Siku zake za mwisho alinishika mkono, akauliza kuhusu mume wangu, kuhusu shamba, kuhusu mbaazi kama zimeota. La komeo hakuuliza, nami sikulianzisha.

Jumamosi jioni binti alirudi kwenye kile chumba. Akaingia, akakaa juu ya magunia.

"Nifungie nione."

Nikasukuma komeo. Lina kutu, likaingia kwa shida. Nikangoja aseme fungua. Alikaa kimya humo ndani, na mimi nikawa kimya huku nje, kuku wanadonoa mabibo.

"Mama," akasema mwishowe, "fundi alilipwa?"